Historia ya Kuhesabu Kaboni katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Kiasi cha gesijoto kinachotoka katika wilaya moja kwa mwaka hupatikana kwa hesabu. Gesijoto ni gesi zinazozuia joto la ardhi lisipotelee angani kwa wepesi, zikiwemo hewa ukaa, methani na naitrasi oksaidi. Ili kuzikadiria, kwanza hutafutwa idadi ya vitu vinavyozitoa au vinavyohifadhi kaboni, kama vile ng'ombe, miti, hekta za nyasi zilizoungua au lita za dizeli, kisha idadi hiyo huzidishwa kwa kigezo cha uzalishaji, ambacho ni kiasi cha gesi kinachokadiriwa kutoka katika kila kimoja cha vitu hivyo. Kigezo hutoka maabara, mara nyingi za mbali, na idadi hutoka vijijini, mazizini na maporini. Kwa hiyo historia ya upimaji wa kaboni katika Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni historia ya kuhesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hizo ilianza kabla neno gesijoto halijasikika, kwa madhumuni ya kodi, chanjo, uhifadhi na mbao. Kila dhumuni liliacha alama yake katika takwimu, na anayezisoma leo bila kujua zilikotoka hawezi kupima uzito wake.

Wilaya hizo mbili zinapakana lakini hazifanani. Tarime iko kaskazini, kwenye nyanda za juu zinazoangalia mpaka wa Kenya, na wenyeji wake wakuu ni Wakurya, wanaolima ndizi, mahindi na kahawa na kuthamini ng'ombe kama mali, mahari na heshima ya ukoo. Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, iko kusini ya Mto Mara, na ndani yake wanaishi Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, huku sehemu kubwa ya ardhi ikiwa ndani ya hifadhi ya taifa na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Mambo yanayohamisha kaboni katika eneo hili ni machache na yanajulikana, nayo ni moto wa nyasi, malisho, ukataji wa miti, matumizi ya kuni na mkaa, na, tangu mwanzoni mwa karne ya 21, uchimbaji mkubwa wa dhahabu.

Kabla ya ukoloni hakuna aliyeandika tarakimu za mambo hayo, lakini yalisimamiwa kwa maarifa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa magharibi ya Serengeti na kuyachapisha katika kitabu mwaka 2007, ameonyesha kwamba mandhari ambayo wageni waliiona kama nyika isiyoguswa ilikuwa imetengenezwa kwa kiasi kikubwa na watu waliolima, waliowinda na waliochoma nyasi ili kupata malisho mapya na kupunguza vichaka. Utaratibu huo ulivurugwa na sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na wanyamapori wa jamii yake, ulioingia Afrika Mashariki miaka ya mwanzo ya 1890. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita katika nchi hiyo mwaka 1892, alikuta wafugaji wakifa kwa njaa baada ya mifugo yao kuteketea. Watu walipopungua vichaka vilienea, na pamoja navyo wakaenea mbung'o, wadudu wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Tukio hilo lina uzito katika hesabu ya kaboni kwa sababu kila kipimo cha mabadiliko huhitaji mwaka wa kuanzia, na nchi waliyoikuta wapimaji wa kwanza wa karne ya 20 ilikuwa imetoka katika maafa, mbali na hali yake ya kawaida.

Serikali za kikoloni, ya Kijerumani iliyojenga boma Ikoma na baadaye ya Kiingereza, zilihesabu kile zilichokihitaji. Watu walihesabiwa ili walipe kodi, na ng'ombe walihesabiwa na maofisa wa mifugo ili wachanjwe, wauzwe au wapunguzwe. Mfugaji aliyetaja idadi kamili ya mifugo yake alijua kwamba huenda akadaiwa zaidi, na kwa sababu hiyo tabia ya kutotaja ng'ombe wote, ambayo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanayo hata sasa, ilikuwa na sababu ya busara. Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na baada ya hapo jamii za magharibi zilizokuwa zikitumia ardhi hiyo kwa uwindaji na malisho zilijikuta nje ya mpaka. Kuanzia hapo ardhi moja ikawa na madaftari mawili, moja la wanyamapori lililotunzwa na watafiti na wahifadhi, na jingine la mifugo lililotunzwa na maofisa wa serikali za mitaa, na madaftari hayo hayakukutana kwa miaka mingi.

Daftari la wanyamapori lilifunguliwa rasmi mwezi Januari 1958, pale Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wataalamu wa wanyama kutoka Frankfurt, waliporuka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya punda milia na kuhesabu makundi kwa macho. Walipata nyumbu 99,481. Idadi hiyo ilikuwa ndogo kuliko hali halisi, kwa kuwa jicho la mtu aliye ndani ya ndege huchoka na kundi kubwa hukadiriwa pungufu, na hesabu ya mwaka 1961, iliyotumia picha, ilitoa nyumbu takribani 263,000. Miezi miwili tu baada ya Grzimek kuanza kazi, Machi 1958, mwanakemia Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa angani juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, na kupata sehemu zipatazo 313 katika kila sehemu milioni za hewa, kiwango ambacho sasa kimepita 420. Afrika Mashariki ilipata kituo chake cha kupima hewa ya namna hiyo kwenye Mlima Kenya mwaka 1999. Vituo hivyo huonyesha hali ya anga ya eneo pana sana, na haviwezi kusema ni kiasi gani kimetoka Tarime na kiasi gani kimetoka kwingine, ndiyo maana kazi ya wilaya ilibaki kuwa ya kuhesabu vitu vilivyo ardhini.

Hesabu za nyumbu zilipoendelea zilifunua jambo ambalo halikutarajiwa. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika takribani milioni 1.3, na chanzo cha ongezeko hilo kilikuwa mazizini mwa wafugaji. Katika miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wanaoizunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, na chanjo bora zaidi ilitengenezwa na Walter Plowright katika maabara ya Muguga, nchini Kenya. Ng'ombe walipokoma kuwaambukiza nyumbu, ugonjwa ulitoweka porini kufikia mwaka 1963, na ndama wengi zaidi wa nyumbu waliishi. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi zilizobaki hazikutosha kuwasha moto mkubwa, na miche ya migunga na miti mingine iliyokuwa ikiunguzwa kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Mike Norton-Griffiths alieleza uhusiano huo wa malisho, moto na miti mwaka 1979 kwa kutumia ramani za moto na picha za angani, na Anthony Sinclair na wenzake waliendelea kwa miongo kadhaa kupiga picha za mandhari kutoka sehemu zilezile ili kuona miti ikiongezeka.

Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake waliziunganisha takwimu hizo za miongo minne katika modeli moja ya kihesabu na kuuliza swali la kaboni waziwazi. Jibu lao lilikuwa kwamba kupungua kwa moto na kuongezeka kwa miti huenda kulibadili kwa kiwango kikubwa akiba ya kaboni iliyomo katika miti na udongo, na kwamba kama Serengeti itatoa kaboni au itaifyonza kwa muda mrefu kunategemea udhibiti wa magonjwa na ujangili. Takwimu zilizowawezesha kufika huko zilikusanywa na watu waliokuwa wakihesabu nyumbu, tembo, mvua na mioto, bila kufikiria kaboni, na thamani yake ilitokana na jambo moja, kwamba hesabu ilirudiwa mahali palepale, kwa njia inayolinganishika, kwa muda mrefu.

Wakati utafiti huo ukiendelea ndani ya hifadhi, serikali ilikuwa imefungua daftari la tatu. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1992 na kuuridhia mwaka 1996, na kwa hatua hiyo ilikubali kutoa taarifa ya gesijoto zake. Orodha ya kwanza ya kitaifa, iliyochukua mwaka 1990 kama mwaka wa kuanzia, ilitayarishwa na kituo cha utafiti cha CEEST cha Dar es Salaam, na taarifa ya kwanza ya nchi iliwasilishwa mwaka 2003. Utaratibu wake ulifuata miongozo ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, ambalo huipa nchi isiyo na vipimo vyake vigezo vya jumla vya bara au kanda.

Miongozo hiyo ina kanuni mbili zinazoigusa Mara kwa namna ya pekee. Ya kwanza inahusu moto wa nyasi: hewa ukaa inayotoka nyasi zinapoungua haiingizwi katika jumla, kwa kuwa inachukuliwa kuwa mvua zijazo zitaotesha nyasi nyingine zitakazoifyonza tena, na hivyo huhesabiwa methani na naitrasi oksaidi peke yake. Ya pili inahusu wanyama. Ng'ombe, mbuzi na nyumbu wote hucheua, na wote hutoa methani inayozalishwa na vijidudu vya tumboni vinavyovunja nyasi, lakini orodha ya taifa huhesabu uzalishaji unaotokana na shughuli za binadamu, kwa hiyo methani ya mifugo huandikwa na ya wanyamapori huachwa. Nyumbu anayelisha upande mmoja wa mpaka wa hifadhi hayumo katika orodha, na ng'ombe anayelisha upande wa pili yumo. Kanuni hiyo ina mantiki, kwa sababu nchi huahidi kubadili yale inayoyatenda, lakini ina matokeo ambayo lazima yasemwe: mfugaji wa Mugumu huonekana katika daftari kama chanzo cha gesi, ilhali uchanjaji wa mifugo ya wazazi wake, uliorudisha uhai na miti ndani ya hifadhi, hauna ukurasa.

Hesabu ya ng'ombe inaonyesha vizuri jinsi tarakimu zinavyotengenezwa. Mwongozo wa jopo hilo wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa ya biashara hutoa methani kilo 31 kwa mwaka, na mbuzi au kondoo kilo 5. Mfugaji mwenye ng'ombe 20 atakuwa ameandikiwa kilo 620 za methani, na ili zilinganishwe na gesi nyingine lazima zigeuzwe kuwa tani za hewa ukaa kwa kuzidisha kwa nguvu ya methani ya kuhifadhi joto katika kipindi cha miaka 100. Orodha za kwanza zilitumia 21, na za sasa hutumia 28, kwa kuwa sayansi imeongeza makadirio yake. Kwa kipimo cha kwanza zizi hilo lilikuwa na tani 13, na kwa kipimo cha sasa lina tani zipatazo 17.4, ingawa hakuna ndama hata mmoja aliyezaliwa katikati. Mwanahistoria anayelinganisha orodha za miaka mbalimbali anapaswa kwanza kurudi nyuma na kuzigeuza zote kwa kipimo kimoja, vinginevyo ataona ongezeko lililozaliwa katika ofisi.

Kigezo chenyewe kinaweza kuboreshwa, na mfano uko karibu. Katika bonde la Nyando, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi waliwapima uzito ng'ombe wa wakulima wadogo msimu kwa msimu, wakatumia mabadiliko ya uzito na ubora wa malisho kukadiria walichokula, na kutokana na hicho wakapata methani yao. Ng'ombe wa Tarime ni wa aina ileile ya zebu mdogo na hula malisho yanayofanana, lakini idadi yao ndiyo tatizo kubwa zaidi kuliko kigezo. Sensa ya kilimo hufanyika kwa sampuli na katika miaka michache tu, mifugo huvuka mpaka kwenda kwa ndugu wa Kikurya walio Kenya na kurudi, na historia ndefu ya wizi wa ng'ombe imewazoesha wenye mali kunyamaza. Mahali ambapo ng'ombe huonekana wote kwa pamoja ni joshoni, siku ya kuogeshwa, ambapo kila mnyama hupita mmoja mmoja katika njia nyembamba kabla ya kutumbukia kwenye dawa ya kupe, na daftari la josho likitunzwa vizuri huwa sahihi kuliko jibu linalotolewa na mwenye boma kwa mdadisi mgeni. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ya mwaka 2010, inayotaka mifugo itiwe alama kama hereni, imefungua njia nyingine, iwapo mfugaji ataamini kwamba hereni inamlinda na mwizi na haimpeleki kwa mtoza kodi.

Miti ilipata sensa yake kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 2009 na 2014, katika tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu iliyojulikana kama NAFORMA, iliyofanywa na serikali kwa msaada wa Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Timu za wapimaji zilikwenda katika maeneo ya sampuli zaidi ya 30,000 nchini, kila eneo likiwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 15. Ndani ya duara hilo wapimaji huzungusha futi kwenye shina kwa kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kuandika jina la mti na kipenyo chake. Miti minene hupimwa katika duara zima, na midogo hupimwa katika miduara ya ndani iliyo finyu zaidi. Kipenyo huingizwa katika mlinganyo uliotokana na miti iliyokatwa, ikakaushwa na kupimwa uzito, na mlinganyo hutoa uzito mkavu wa mti uliosimama. Karibu asilimia 47 ya uzito huo ni kaboni, na kaboni ikiungana na oksijeni huongezeka uzito mara 3.67, hivyo tani moja ya mti mkavu ikiteketea hutoa takribani tani 1.7 za hewa ukaa. Kazi ya kuunganisha takwimu hizo na taarifa nyingine za kaboni ilikabidhiwa Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni, kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Hata hivyo sampuli iliyopangwa kwa ajili ya taifa hugawanyika kuwa maduara machache inapofika wilayani, na wastani unaoaminika kwa nchi nzima hauwezi kuaminika vilevile kwa Tarime peke yake.

Upungufu huo huonekana zaidi katika kuni na mkaa. Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 katika sensa ya mwaka 2012 na 2,372,015 katika ile ya mwaka 2022, na kaya nyingi zaidi zinamaanisha mafiga mengi zaidi. Mkaa mwingi husafiri bila kibali, na ule unaoandikwa huandikwa kwa magunia, ilhali gunia la lumbesa, lililoshonwa na kurefushwa juu ya mdomo wake, hubeba zaidi ya gunia la kawaida. Anayehesabu magunia bila kuyaweka kwenye mizani hupata tarakimu zinazopungukiwa na miti iliyokatwa, kwa kuwa kila tani ya mkaa hutokana na tani kadhaa za kuni kutegemea ustadi wa mchomaji na namna tanuri lilivyofukiwa.

Pembeni ya hesabu hizo zenye mashaka kuna moja iliyo kamili kuliko zote wilayani. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002, ukapita mikononi mwa kampuni kadhaa, na tangu makubaliano ya mwaka 2019 unamilikiwa na Barrick kwa asilimia 84 na serikali ya Tanzania kwa asilimia 16. Kampuni kubwa za madini hutoa taarifa ya gesijoto kila mwaka kwa mpango wa mafungu: fungu la kwanza ni mafuta yanayoteketezwa mgodini, la pili ni umeme ulionunuliwa, na la tatu ni uzalishaji wa wauzaji na wanunuzi wake. Kila lita ya dizeli hutoa hewa ukaa karibu kilo 2.7, na lita hizo zinajulikana zote kwa kuwa zimelipiwa. Hapa ndipo historia inapotoa funzo lililo wazi, kwamba kaboni hupimwa vizuri mahali ambapo kitu kinachoitoa kina ankara, na hupimwa vibaya mahali ambapo kinaokotwa, kinachungwa au kinachomwa bila kupita dukani.

Setilaiti zilikuja kujaza sehemu ya pengo hilo. Picha za Landsat zilianza mwaka 1972 na huwezesha mtafiti kuona msitu wa mwaka mmoja ukiwa shamba la mwaka mwingine, na vifaa vya MODIS, vilivyorushwa mwaka 1999 na 2002, vimekuwa vikionyesha mioto ya Serengeti karibu kila siku na kuchora maeneo yaliyoungua kwa vipande vya mita 500. Moto mdogo wa kusafisha shamba Tarime hupotea ndani ya kipande kimoja, na moto mkubwa wa hifadhini huonekana bila kusema aliyeuwasha wala sababu yake. Mipaka nayo hubadilika, kwani wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007, na yeyote anayelinganisha Tarime ya kabla na ya baada bila kurekebisha eneo atadhani uzalishaji umeshuka ghafla.

Hesabu hizi sasa zina fedha na ahadi nyuma yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, na mwaka 2021 iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030 ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Mwaka 2022 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa kanuni za usimamizi na udhibiti wa biashara ya kaboni, zinazoruhusu kaboni iliyohifadhiwa kuuzwa baada ya kuthibitishwa. Kijiji kinachohifadhi ardhi, kama vijiji vitano vya Robanda, Park Nyigoti, Nyichoka, Natta-Mbiso na Makundusi vilivyotenga ardhi yao kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona wilayani Serengeti, kikiingia katika biashara hiyo kitauza tarakimu, na asiyeweza kuihakiki tarakimu yake hupangiwa bei na mnunuzi.

Uwezo wa kuihakiki upo na umekwisha kujaribiwa. Katika msitu wa Kitulangalo, Morogoro, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliwafundisha wanavijiji kupima miti kwa futi na kuandika matokeo, na vipimo vyao vilikaribiana na vya wataalamu kwa gharama ndogo zaidi. Kamati ya maliasili ya kijiji cha Serengeti inaweza kurudia duara lilelile la miti kila baada ya miaka michache, ofisa mifugo wa kata ya Tarime anaweza kutunza daftari la josho, na kizuizi cha mazao ya misitu kinaweza kupima mkaa kwa kilo badala ya magunia. Yote hayo ni kazi ya kawaida isiyohitaji mtambo wa gharama, ila yanahitaji kitu ambacho hesabu za kodi na za uhifadhi hazikukitoa, nacho ni matokeo kurudishwa kwa waliohesabiwa, yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, yapingwe pale yalipokosewa, na yatunzwe hapo hapo kijijini. Miaka zaidi ya 60 ya kuhesabu nyumbu imethibitisha faida ya kurudia kipimo kwa uaminifu, na Wakurya, Waikoma, Wangoreme na majirani zao wanastahili hesabu ya ng'ombe, miti na mioto yao ifanywe kwa subira ileile, nao wenyewe wakiwa wameshika kalamu.